Usaili ni wa Sikio

Mke mwenzangu! Ujumbe wako nimeupata, na babu yako nimemsomea akacheka hadi akakohoa. Kumbe kikundi cha sanaa cha hapo mtaani kwenu Iringa kinatafuta watu wa kucheza mchezo wa kuchekesha, wa kuimba, uliotokana na visa vya miungu ya Wagiriki wa kale. Usaili ni Jumamosi ya wiki ijayo, nawe unaniuliza uimbe wimbo gani. Mimi niliyefundisha kwaya hadi sauti ikachakaa nitakujibu, lakini wimbo si jambo la kwanza. La kwanza ni hili, lishike hata mengine yakikutoka: kwenye usaili wenye sauti ni wengi, wenye masikio ni wachache, na mwongozaji anayejua kazi yake anatafuta masikio.

Wewe ni mtoto wa Nyanda za Juu Kusini. Huku kwetu Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo kuimba kwa sauti nne kumeingia hadi kijiji cha mwisho. Hapo Iringa vivyo hivyo: Walutheri wana kwaya kuu, kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama; Wakatoliki wana zao; na kanisa lililofunguliwa juzi kwenye fremu ya duka lina spika kubwa kuliko waumini wake. Kwa hiyo Jumamosi hiyo utakuta foleni ya watu wanaoimba vizuri kweli. Sauti yako, ambayo mimi naipenda, haitamshtua mtu pale.

Utaimba, mwongozaji atatikisa kichwa, kisha atakuambia, "Vizuri. Sasa rudia, ila safari hii imba kama mtu anayemdanganya mumewe." Hapo ndipo usaili unapoanza. Wengi watarudia vilevile walivyoimba mwanzo, kwa nguvu zaidi. Neno "kudanganya" liliwapita. Walichosikia ni "rudia". Atakayebadilika hata kidogo, akashusha sauti, akatupa jicho mlangoni, akaharakisha maneno mawili matatu, huyo atawekewa alama hata kama noti moja ilimteleza. Mazoezi ya mchezo wa nyimbo huchukua wiki nyingi, na kila jioni ni kuambiwa "rudia, ila hivi". Asiyeambilika siku ya usaili, siku ya mazoezi atakuwa mzigo.

Najua ninyi mmekua mkitazama Bongo Star Search, mkadhani kila usaili ndivyo ulivyo: majaji, machozi, na mshindi mmoja. Kile ni kipindi cha televisheni, hata anayeimba vibaya ana kazi yake mle, kuwachekesha walioko nyumbani. Mchezo wa jukwaani hauna mshindi. Unataka kundi la watu watakaokaa pamoja miezi bila kuchokana, kila mmoja akae panapomfaa. Unaweza kukosa nafasi kwa sababu umemzidi kimo atakayekuwa mumeo jukwaani. Unaweza kuipata kwa sababu sauti yako inakaa vizuri chini ya sauti ya mwenzako. Mambo hayo huwezi kuyapanga, basi usiyabebe moyoni.

Kabla hatujaendelea, tulimalize la mama yako. Umeniambia hataki uimbe habari za miungu ya uongo. Mkamwana wangu namheshimu, na hofu yake si ya kijinga. Mwombe afungue Matendo ya Mitume sura ya 14. Kule Listra watu walimwona Paulo akimponya kiwete, wakamwita Barnaba Zeu, na Paulo wakamwita Herme kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mnenaji, na kuhani akaleta ng'ombe tayari kwa sadaka. Itazame kwa jicho la mchezaji: wasafiri wawili wenye vumbi miguuni wanaambiwa wao ni miungu, wanararua nguo zao wakikana, na bado umati hautaki kusikia. Kichekesho kinataka nini zaidi? Halafu mwende sura ya 17, mwone Paulo huyohuyo akiwa Athene anawataja washairi wa Wagiriki katika mahubiri yake. Kujua hadithi za watu si kuabudu miungu yao. Mama akiwa bado na wasiwasi, mpe mswada ausome, mwambie mazoezi ni wapi na yanaisha saa ngapi. Usiende kwa kujificha. Mchezaji anayejificha nyumbani huchelewa mazoezini, na sababu zake huisha mapema.

Wala usiende ukidhani visa hivi havijawahi kutia mguu kwenye Kiswahili. Samuel Mushi aliutafsiri mchezo wa Sophocles, na *Mfalme Edipode* ukatoka mwaka 1971. Kabla yake Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonyesha kwa kazi za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, kwamba lugha yetu inabeba mizigo ya mbali bila kuinama. Na wazee wa hapo Iringa waulize habari za Wagiriki waliolima tumbaku mkoani kwenu, watakusimulia. Kwa hiyo ukitaja jina la Zeus jukwaani, usilitaje kama mtu anayemeza kidonge. Litaje kama jina la jirani mwenye ng'ombe wengi na tabia mbaya, kwa sababu ndivyo alivyo.

Sasa visa vyenyewe. Uliza mchezo unahusu kisa kipi. Wasipokuambia, jisomee vile ambavyo watunzi wa vichekesho huvipenda, maana mwenye kujua habari husoma mswada kwa raha, na asiyejua huhangaika na majina tu.

Anza na mfalme Midas. Wengi wanamjua kwa ile dhahabu, lakini ana kisa cha pili kinachowahusu ninyi mnaokwenda kusailiwa. Pan, mungu wa machungani, alijisifu kwamba filimbi yake ya matete inashinda kinubi cha Apollo. Wakashindana mbele ya Tmolus, mlima uliokaa kama hakimu, na Tmolus akampa Apollo ushindi. Midas alikuwa amesimama tu pembeni. Hakuulizwa, akasema uamuzi si wa haki. Apollo akaona masikio ya namna hiyo hayastahili umbo la binadamu, akayavuta yakawa ya punda. Midas akayaficha chini ya kilemba, akabaki kinyozi wake peke yake ndiye anayejua. Siri ikamkaba kinyozi, akachimba shimo, akainong'oneza humo, akafukia. Pale pakaota matete, na kila upepo ukivuma yakawa yanaisema.

Mke mwenzangu, kwenye benchi la kusubiria hapakosekani Midas. Mwenzake akitoka ukumbini, yeye ana maoni: huyu kabana pua, yule kachaguliwa kwa kujuana. Usimjibu. Iringa ni mji mdogo, na vikundi vya sanaa ni vichache kuliko vijiwe vya kahawa. Ulichokisema benchini kitafika mezani kabla ya jina lako.

Kisha wasome Echo na Narcissus. Echo aliadhibiwa na Hera: asiweze kuanzisha neno, ila kurudia ya mwisho aliyoyasikia kwa mwingine. Narcissus alijiona kwenye maji, akapenda alichokiona, akabaki palepale hadi akaisha. Hao wote wawili utakutana nao. Echo ni yule anayeimba wimbo wa Zuchu kwa madoido ya Zuchu na pumzi ya Zuchu; mwongozaji atajiuliza mwenye wimbo yuko wapi. Narcissus ni yule anayejirekodi kwa simu tangu getini, anarekebisha nywele kwenye kioo cha dirisha, na jina lake likiitwa anaamshwa na jirani. Echo amesikia sauti ya mtu mwingine tu, Narcissus hasikii ya mtu yeyote. Simu yako izime, uiweke kwenye mkoba, uwasikilize wanaoimba kabla yako. Utajua ukumbi unarudisha sauti vipi, mpiga kinanda anakwenda haraka au pole, na mwongozaji anarudia maelekezo gani kwa kila mtu. Hayo ni majibu ya mtihani yanayotolewa bure, na wanaoyachukua ni wachache.

Orpheus je? Huyo alikwenda kuzimu kumdai mkewe Eurydice, akawaimbia wenyeji wa huko hadi wakamruhusu aondoke naye, kwa sharti asigeuke nyuma hadi watoke juani. Akageuka. Wapo wanaosimulia kwamba alishikwa na hofu kwa sababu hakusikia nyayo. Katika msiba huo mtunzi Jacques Offenbach alichota kicheko mwaka 1858 huko Paris. Orpheus wake ni mwalimu wa fidla anayemchosha mkewe kwa kupiga fidla, na mke akifa mume anashusha pumzi ya raha. Kinachomlazimisha kumfuata kuzimu ni mhusika mmoja anayeitwa Maoni ya Umma, anayemkumbusha watu watasemaje. Sasa niambie, Maoni ya Umma si mama wa nyumba ya pili? Si kamati ya harusi na kikao cha ukoo? Ukipewa nafasi hiyo huna haja ya kuwaza Paris. Simama kama wanavyosimama watu wetu msibani, mikono kifuani chini ya khanga, macho yakihesabu nani amekuja na nani hajachangia.

Cha mwisho ni *Vyura*, mchezo wa Aristophanes ulioonyeshwa Athene mwaka 405 kabla ya Kristo. Dionysus, mungu wa michezo yenyewe, anaona washairi wazuri wamekufa wote, anaamua kushuka kuzimu kumrudisha mmoja. Anavaa ngozi ya simba ili aonekane Heracles, lakini anaogopa kila kivuli. Kwenye mashua ya Charon, mvushaji wa wafu, anapewa kasia, na vyura wanaimba wakimvuruga mapigo. Huko chini anawasimamisha Aeschylus na Euripides washindane, na mistari yao inapimwa kwenye mizani kama mahindi ghalani. Basi ndani ya mchezo mumo humo kuna usaili, na hakimu ni mungu mwoga. Miaka zaidi ya 2,400 imepita na ungali unachezwa. Ujue pia kwamba mwenye kubeba mchezo wa vichekesho wa Athene alikuwa kundi la waimbaji 24, wakiimba na kucheza pamoja. Wenye majina ya kutajwa walikuwa wachache. Lile kundi ndilo lililokuwa moyo wa kazi.

Sasa nikuambie kuhusu kuchekesha, maana hapo ndipo wanakwaya wengi wanapoanguka. Wanaingia wakicheka wenyewe, wanakodoa macho, wanatembea kama bata, wakidhani ndiyo komedi. Mtu wa kwenye kichekesho hajui kwamba anachekesha. Ana shida ya kweli, na anaihangaikia kwa dhati. Dionysus anaogopa kweli. Midas anataka kilemba kikubwa zaidi kweli, leo, kabla wageni hawajafika. Watazame wakongwe wetu, marehemu Mzee Majuto na wengine, uone wahusika wao walivyokuwa na hasira za kweli juu ya vitu vidogo. Kadiri unavyolichukulia jambo la kipuuzi kwa uzito, ndivyo ukumbi unavyovunjika mbavu.

Na usidhani kucheka mbele ya kifo tumeletewa na Wagiriki. Unajua utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya kumi na tisa, na wajukuu wa wapiganaji wale leo ni watani. Umewaona watani msibani: mmoja anajilaza kaburini akidai hatoki hadi alipwe, mwingine anavaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa akitembea na kukopa. Na huku Unyakyusa, mtafiti Monica Wilson alipoishi na wazee wetu Rungwe miaka ya 1930 aliona na kuandika jinsi mazishi yalivyokuwa na vilio na ngoma papo hapo. Kwa hiyo mchezo unaoshuka kuzimu kwa nyimbo na vichekesho hautakuwa mgeni Iringa. Mgeni atakuwa yule atakayeucheza bila kujua watani wanafanyaje.

Mtani mzuri anafanyaje? Anasikiliza. Anajua mjane amelia kiasi gani, anajua ni saa ngapi neno litapokelewa na ni saa ngapi litachoma. Akiona kicheko kimewapunguzia wafiwa mzigo, anaongeza. Akiona uso umekaza, anageuza maneno bila kuonyesha kwamba amegeuza. Hakuna mswada unaomfundisha hilo. Ndiyo maana nasema sikio. Ukiwa jukwaani ukasema neno na ukumbi ukacheka, ngoja kicheko kipande, kianze kushuka, ndipo useme linalofuata. Ukisema juu ya kicheko umelizika neno lako mwenyewe. Wasipocheka, usilirudie kwa sauti kubwa. Endelea, shida ya mhusika wako haijaisha.

Hapo pana jambo la Iringa yenu ambalo nataka ulibebe kwa akili. Katika visa vya Orpheus wanasimulia kwamba wanawake wa Thrace walimrarua, na kichwa chake kikaelea mtoni kikiimba hadi kisiwa cha Lesbos. Kwingineko mtunzi anaweza kukifanya kichwa hicho kichekesho kizuri sana. Lakini kilomita chache kutoka hapo mjini, Kalenga, kuna fuvu kwenye kabati la kioo. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kikachukuliwa. Dai la kukirudisha likaandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na mwaka 1954 ndipo Gavana Twining alipomkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Sisemi mchezo usiwe na kichwa kinachoimba. Nasema anayekishika kichwa hicho mbele ya watu wa Iringa ajue wanaomtazama wamebeba nini. Pengine ukumbi utanyamaza badala ya kucheka, na ukimya huo ukitumiwa vizuri utakuwa na nguvu kuliko kicheko. Ukiulizwa maoni yako mazoezini, liseme hilo kwa adabu. Mwongozaji mwenye masikio atakushukuru.

Na vichekesho vya mbinguni tunavyo vyetu pia. Tafuta *Aliyeonja Pepo* wa Farouk Topan, uliochapishwa mwaka 1973, ambamo makosa ya watendaji wa huko juu yanamfikisha peponi mtu ambaye siku zake hazijatimia. Soma onyesho moja kwa sauti kila jioni hadi Jumamosi. Utajifunza namna Kiswahili kinavyochekesha kwa mpigo wa maneno, bila mtu kuanguka wala kujipaka masizi.

Haya, wimbo. Chagua wimbo wenye mtu ndani yake: mtu anayetaka kitu, anayeomba, anayelalamika, anayebembeleza. Nyimbo za kusifu tu, hata ziwe nzuri, hazikupi pa kuigiza. Uwe wimbo unaokaa katikati ya sauti yako, noti ya juu uifikie bila kunyoosha shingo. Watakusikiliza kwa dakika moja au pungufu, kwa hiyo usianzie mwanzo kwa mazoea. Anzia pale penye jambo, ujue na pa kuishia. Ufunguo wako uujue. Umesoma sol-fa kwangu, basi mwambie mpiga kinanda "do" yako iko wapi, mwimbie mstari mmoja polepole aushike mwendo, mshukuru kabla hajapiga. Kama ni wa kuimba bila ala, tafuta noti yako kimya kimya, usiianze juu kwa woga. Andaa na wimbo wa pili, mfupi, wa tabia nyingine, kwa sababu wakikupenda wataulizia.

Ukipewa ukurasa usome papo hapo, omba dakika moja, nao watakupa. Ndani ya dakika hiyo usikariri. Tafuta mambo mawili: huyu mtu anataka nini, na anayezungumza naye ni nani. Ukisoma, maneno ya mwenzako yaache yakuingie kabla hujajibu. Watu wengi wakisoma na mwenzao huwa wanatafuta mstari wao unaofuata, kidole kwenye karatasi. Wewe inua macho umtazame. Ukipoteza mstari utaupata. Ukimpoteza mwenzako umepoteza mchezo. Na lafudhi yako ya nyumbani usiifiche kwa kujilazimisha kuongea kama watangazaji. Mungu wa Kigiriki mwenye lafudhi ya Kihehe atawafurahisha watu wa Ipogolo kuliko mungu wa Dar es Salaam.

Wakikuambia usimulie kisa chochote cha kwenu, usikae unakuna kichwa. Uwe nacho kimoja mdomoni. Ziwa Ngosi kule Uporoto lina simulizi za nyoka na za mali iliyofichwa na Wajerumani. Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji wenu, una simulizi za Mkwawa kukaa pale akitafakari na mwamba ukamwambia yanayokuja. Na kwa mazoezi, hapo Gangilonga panakufaa: nenda jioni na mwenzako, si peke yako, uimbe ukiutazama mji.

Sauti yako ilinde. Miezi hii ya baridi, hewa ya asubuhi ya Iringa ni kavu, nayo inakausha koo kabla hujasema shikamoo. Kunywa maji ya uvuguvugu siku nzima, mtandio shingoni, na usipige kelele kwenye mechi Ijumaa. Jumamosi imba midomo ikiwa imefungwa, kwa sauti ya chini, robo saa kabla ya kuingia. Vaa nguo unayoweza kuruka na kuinama nayo, viatu visivyoteleza, kwa sababu watakufundisha hatua chache za kucheza. Ukikosea hatua, endelea. Mwongozaji anatazama kama utasimama na kujilaumu au utawasikiliza wenzako ushike tena mpigo.

Sasa nitaongea kama bibi, si kama mwalimu. Usaili wa kweli unafanyika mchana, ukumbini, watu wakiwapo. Hakuna ada ya kusailiwa. Hakuna usaili wa chumbani, wala wa hotelini, wala wa "njoo jioni tuongee vizuri nafasi yako". Anayekutaka mwili ili akupe nafasi anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja, na TAKUKURU wana ofisi hapo mkoani na namba yao ni 113. Ondoka, niambie, na mama yako mwambie; aibu ni yake huyo, si yako. Uliza pia kama kikundi kimesajiliwa BASATA, na kama Afisa Utamaduni wa halmashauri anakifahamu. Uliza nauli ya mazoezi na chakula siku ya onyesho, na kama tiketi zitauzwa, mapato yanagawanywaje. Mcheza sanaa ya mtaani hatajirika, lakini hapaswi kudanganywa. Kuuliza mapema kwa upole si ukorofi, ni ustaarabu.

Jumamosi itapita, na majina yatabandikwa. Ukipata nafasi kubwa, wapigie simu uliokuwa nao benchini, uwaulize wamepata nini. Ukiwekwa kwenye kundi la waimbaji, usinung'unike. Kumbuka wale 24 wa Athene, na ujue kwamba aliye kundini anasikia mchezo mzima, wakati mwenye nafasi kubwa mara nyingi anasikia sehemu yake tu. Miezi mitatu kundini itakufundisha kuliko nafasi kubwa uliyopewa kabla ya wakati. Ukikosa kabisa, rudi siku ya pili, uliza kama wanahitaji mtu wa mavazi, wa kushika mswada na kuwakumbusha waigizaji maneno, au wa kuuza tiketi mlangoni. Kikundi kidogo hakina mikono ya kutosha, na mwaka ujao watamkumbuka aliyebaki.

Salamu zangu kwa mama yako na wadogo zako. Nauli ya daladala ya mazoezi ya mwezi wa kwanza nitakutumia kwa simu Ijumaa, upate au usipate nafasi, kwa kuwa hata mshona mavazi anatakiwa afike kwa wakati. Tarehe ya onyesho ikijulikana, nijulishe mapema tukate tiketi ya basi, mimi na huyu mume wetu.

Bibi yako,
Mbeya